Uchovu wa Dereva Huanzia Kwenye Springi: Mwongozo Kamili wa Kulainisha Safari ya Canter ya Masafa Marefu

Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Canter iliyojaa bidhaa ana kilomita kama 830 mbele yake. Akifika Ruaha Mbuyuni mchana, na joto la bonde lile, vidole vimekufa ganzi, kiuno kinawaka moto na macho yameshaanza kuwa mazito. Mlima Kitonga bado haujapandwa. Wengi huita hali hiyo usingizi, wakaitibu kwa kahawa na muziki wa juu. Usingizi upo kweli, na tutafika huko, lakini sehemu kubwa ya uchovu huo imetengenezwa na gari lenyewe: springi iliyoongezwa vyuma, shokapu zilizokufa, kiti kilichobaki mbao, injini inayochemka chini ya makalio. Mwili ukitikiswa, misuli ya mgongo na shingo hufanya kazi mfululizo ili kuuweka wima. Kukaa saa tisa juu ya gari linalopiga ni kazi ya sulubu, hata kama anayekutazama anakuona umekaa tu.

Mwongozo huu unaanzia barabarani kwenda juu: tairi, springi, shokapu, raba za kabini, kiti, hewa. Mzigo na ratiba vinafuata. Ufuate mpangilio huo, kwa sababu kila hatua inapunguza mtetemo kabla haujafika kwenye hatua ya juu yake. Anayenunua kiti kipya na kukifunga juu ya springi iliyoshikana kwa kutu amepoteza hela. Mifano ni ya Canter na Isuzu NPR za tani 3 hadi 5, ndizo zinazosambaza vifurushi, mbogamboga na bidhaa za madukani mikoani. Kwenye Fuso kubwa au HiAce ya mizigo kanuni ni zilezile, vipimo ndivyo vinavyobadilika.

Pima kabla hujashika spana

Bila kipimo, utabadilisha vipuri kwa kubahatisha. Vipimo viwili vinatosha.

Cha kwanza ni daftari la maumivu. Kila baada ya safari dereva aandike panapouma, palianza kuuma baada ya saa ngapi za kuendesha, na maumivu yalianzia kipande gani cha barabara. Mwezi mmoja wa kuandika hivyo unamweleza fundi mengi. Ganzi ya mikono hutokana na usukani unaotetemeka, yaani balansi, rimu au viungo vya usukani. Kiuno kinaonyesha kiti na springi. Maumivu ya kichwa yanaelekeza kwenye kelele, joto au moshi unaoingia ndani. Goti la kushoto ni klachi nzito au kiti kilichosogezwa nyuma kupita kiasi. Shingo mara nyingi ni vioo vilivyowekwa vibaya.

Cha pili ni simu. Karibu kila simu janja ina kihisi cha mwendo, na programu za bure zinasoma mtetemo kwa mita kwa sekunde ya mraba. Chagua kipande cha barabara cha kilomita 10 unachokifahamu, gari likiwa na mzigo uleule na mwendo uleule, tuseme kilomita 60 kwa saa. Utingo ndiye ashike kazi ya simu, dereva abaki na usukani. Bandika simu kwa gundi ya karatasi kwenye sakafu karibu na mguu wa kiti, kioo kikitazama juu, urekodi dakika 5. Rudia kipande kilekile simu ikiwa imelazwa na kubanwa kwenye sponji ya kiti, katikati ya mapaja ya dereva. Soma wastani wa mtetemo wa juu na chini. Namba ya kiti ikiwa kubwa kuliko ya sakafu, kiti chako kinazidisha mtetemo badala ya kuupunguza, na hali hiyo ipo kwenye magari mengi ya zamani kuliko watu wanavyofikiri.

Ili ujue unasimama wapi, Umoja wa Ulaya kwa sheria yake ya mwaka 2002 unamtaka mwajiri achukue hatua pale wastani wa saa 8 unapofika mita 0.5 kwa sekunde ya mraba, na unakataza kabisa kuvuka 1.15. Namba ya simu si ya maabara. Itumie kulinganisha kabla na baada ya matengenezo. Kumbuka pia kwamba mwili wa binadamu aliyekaa unaumizwa zaidi na mtetemo wa wima wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa kuwa hapo tumbo na uti wa mgongo vinacheza pamoja nao. Springi ngumu na kiti kilichokufa hukutupa humohumo.

Hatua ya 1: Tairi na upepo

Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, alfajiri kabla gari halijasogea au baada ya kusimama saa tatu. Nunua geji yako mwenyewe. Kupiga tairi teke au nyundo kunakuambia kama limeisha upepo kabisa, hakukuambii kama limezidi. Kiwango sahihi kipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kitabu cha gari. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ya mwisho wa uwezo wake, na wajazaji wengi wa pembeni mwa barabara hujaza mpaka hapo au kupita. Tairi lililozidishwa upepo linakuwa kama ngoma: kila kokoto, kila rasta ya barabarani inapanda moja kwa moja hadi kwenye usukani.

Usikimbilie upande wa pili pia. Kupunguza upepo chini ya kiwango ili gari liwe laini kunalifanya tairi lijikunje sana, lipate moto na kupasuka, hasa ukiwa na mzigo kwenye lami ya mchana. Wala usitoe upepo tairi likiwa la moto kwa sababu geji imepanda. Ni kawaida upepo upande safarini, na ukiutoa, kesho asubuhi tairi litaamka likiwa chini ya kiwango.

Tairi za ndani za nyuma ndizo zinazosahaulika. Moja ya pacha ikiwa na upepo pungufu, mwenzake anabeba mzigo wa wote wawili. Funga vipira virefu vya valvu ili ya ndani ipimike bila kufungua gurudumu.

Gari likitetemeka, angalia ni wakati gani. Likianza kwenye kilomita 60 hadi 80 na kutulia ukipita hapo au ukishuka, ni balansi au rimu iliyopinda. Piga jeki, simamisha waya karibu na ukingo wa rimu, zungusha gurudumu kwa mkono; ukingo ukisogea milimita 3 au zaidi kutoka kwenye waya, rimu hiyo ndiyo mchawi wako. Likitetemeka ukikanyaga breki tu, ni drami za breki. Likitetemeka zaidi ukiongeza mafuta, nenda hatua ya 4, tatizo lipo kwenye propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma.

Hatua ya 2: Springi

Hapa ndipo madereva wengi wa nchi hii wanapoumizwa, na wanaumizwa kwa makusudi. Gari linanunuliwa, kabla halijaanza kazi linapelekwa kwa fundi kuongezwa majani ya springi mawili au matatu kila upande ili libebe zaidi. Linabeba kweli. Lakini ugumu wa jani moja unapanda kwa unene × unene × unene: jani la milimita 10 ni gumu karibu mara mbili ya jani la milimita 8 lenye urefu na upana uleule. Ukichomeka majani mazito matatu, springi inaacha kuwa springi. Mzigo ukishashushwa na gari likarudi tupu, linarukaruka kama mkokoteni, na dereva ndiye anayepokea kila pigo. Ekseli na fremu navyo havikuongezwa chochote, kwa hiyo nyufa zinafuata.

Kama kazi inadai mzigo mkubwa, funga majani ya msaada yanayokaa juu ya springi kuu na kugusa pale tu gari linapojaa. Yakikaa sawa, gari tupu halijui kama yapo. Na kama mzani unakukamata kila safari, unahitaji gari kubwa zaidi. Kuongeza vyuma hakutakuokoa.

Springi ya kiwandani nayo inaweza kuwa ngumu kwa sababu ya kutu. Majani yanatakiwa yateleze moja juu ya jingine. Vumbi na maji ya chumvi yakiingia, yanashikana na kufanya kazi kama ubao mmoja. Kuisafisha ni kazi ya siku nzima kwa fundi na msaidizi wake:

1. Simamisha gari kwenye sakafu ngumu, weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele. Pima kwa futi umbali kutoka ekseli hadi fremu, kushoto na kulia, uandike. Gari likiwa tupu na pande zikipishana zaidi ya sentimita 2, upande wa chini umechoka au una jani lililovunjika.
2. Inua fremu kwa jeki, iegemeze kwenye stendi mbili imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.
3. Shikilia ekseli kwa jeki ya pili, fungua yuboliti (boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), kisha pini za mbele na nyuma. Toa springi nzima.
4. Kabla ya kufungua sentaboliti, yaani boliti ya katikati inayoshika majani pamoja, bana majani kwa klampi mbili madhubuti, moja kila upande wake. Majani yamekaa kwa nguvu. Boliti ikitoka bila klampi, yanafyatuka na yanaweza kuvunja mkono au taya.
5. Legeza klampi taratibu, tenganisha, sugua kila jani kwa brashi ya waya. Kagua tundu la katikati na kingo zake. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza jani ni ufa. Jani lenye ufa hubadilishwa. Kulichomelea ni kulivunja upya, kwa kuwa moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma cha springi.
6. Paka grisi yenye grafaiti, hasa kwenye ncha ambako jani linasugua mwenzake. Tumia sentaboliti mpya na bushi mpya za pini. Bushi iliyokwisha ndiyo inayotoa ule mlio wa kugongagonga kwenye matuta.
7. Rudisha, kaza yuboliti kwa kupishana, pembe kwa pembe, mpaka nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya kilomita 500 zikazwe tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na yuboliti iliyolegea inavunja springi katikati ndani ya wiki chache.

Mwisho, tazama raba za kugongea zilizo juu ya ekseli. Gari likiwa na mzigo wake wa kawaida lazima uone nafasi kati ya raba na ekseli. Ikiwa zimegusana, springi haifanyi kazi tena, unatembelea raba.

Hatua ya 3: Shokapu

Springi inabeba, shokapu inatuliza. Ikifa, gari linaendelea kucheza baada ya kila tuta, na dereva anacheza nalo.

Kipimo rahisi: endesha kilomita 10 kwenye barabara mbovu, simama, shika mwili wa kila shokapu kwa uangalifu. Inayofanya kazi ina joto, maana imegeuza mtikisiko kuwa joto. Iliyobaki baridi wakati wenzake ni moto, imekufa. Mafuta yaliyolowanisha mwili wake ni dalili ya pili. Ya tatu ni tairi lililolika kwa mabaka ya kupishana, bonde na mlima.

Badilisha mbili mbili kwa ekseli moja. Kabla ya kufunga mpya, isimamishe wima na kuivuta na kuisukuma mara 4 au 5 mpaka iende kwa uzito ulio sawa, upepo uliojifungia ndani utoke. Boliti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya matairi. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, gari likishuka bushi za raba zinajinyonga na zitachanika mapema. Fundi wengi wanalaumu ubora wa spea wakati kosa ni la namna ya kukaza. Ukishaongeza majani ya springi, fahamu pia kwamba shokapu ya kiwandani haiwezi kuyatuliza.

Hatua ya 4: Raba za kabini, injini na propela shafti

Kabini ya Canter imekalia raba, mbele kwenye bawaba na nyuma kwenye kufuli. Inua kabini, mulika kwa tochi. Raba iliyopasuka, iliyobonyea upande mmoja au iliyolainika kwa mafuta ya injini ibadilishwe. Ukiweza kuingiza bisibisi kati ya raba na chuma chake, imeachana. Angalia na kufuli la nyuma: likiwa na mchezo, kabini inapiga makofi kila shimo, na mlio huo unachosha kichwa kabla ya mwili.

Raba za injini zinapimwa injini ikiwa inaunguruma bila mwendo. Mtetemo ukiwa mkubwa gari limesimama na kupungua ukigusa mafuta kidogo, raba zimekufa.

Kwenye propela shafti shika kwa mikono miwili, zungusha na kuinua. Krosi, yaani viungo vyake vya umbo la msalaba, zisiwe na mchezo wowote, na senta beringi inayoishikilia katikati isicheze juu na chini. Kabla ya kuifungua, piga alama ya rangi kwenye sehemu zote zinazoungana. Ikirudishwa ikiwa imepishana hata kwa meno machache, gari litatetemeka kuliko lilivyokuja, na utatafuta kosa kwenye matairi mpaka uchoke.

Hatua ya 5: Kiti

Bonyeza sponji kwa ngumi. Ukigusa ubao au chuma, sponji imekwisha. Mpeleke fundi wa makochi aweke tabaka mbili: chini sentimita 5 za sponji ngumu iliyoshindiliwa, juu sentimita 3 hadi 4 za sponji laini kidogo. Usimruhusu aweke sponji laini nene ya godoro. Dukani inapendeza, barabarani inakurusha juu na kukupokea kwa kuchelewa, na namba ya simu itapanda badala ya kushuka.

Wenye uwezo wanaweza kufunga kiti chenye springi zake chini, kilichotoka kwenye lori kubwa. Pima kwanza: ukikaa wima lazima ibaki nafasi ya angalau ngumi moja kati ya kichwa na dari wakati kiti kipo juu kabisa, na nyayo zifike sakafuni. Kifungwe kwa boliti kwenye sehemu iliyoimarishwa, na mkanda wa usalama ubaki na nanga yake. Viti hivi vina kitufe cha uzito. Dereva wa kilo 60 akikalia kiti kilichowekewa kilo 110, kiti ni jiwe. Wa kilo 110 akikalia kilichowekewa 60, kinagonga chini kila tuta. Kaa, zungusha kitufe mpaka kiti kisimame katikati ya safari yake ya juu na chini. Kila mnapobadilishana usukani, rudia.

Sasa mkao. Toa pochi na simu mfuko wa nyuma, kwani pochi nene inapindisha nyonga saa zote. Sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi hadi chini goti libaki limekunjika kidogo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti zibaki nafasi za vidole viwili au vitatu. Ukingo ukibana hapo, damu haishuki vizuri na miguu inavimba. Laza egemeo kidogo, nyuzi 100 hadi 110 kutoka kwenye kalio la kiti. Nyoosha mkono: kifundo kifike juu ya usukani bila bega kuacha egemeo. Kunja taulo dogo liwe na unene wa sentimita 5, liweke usawa wa mkanda wa suruali.

Vioo virekebishwe mwisho, ukiwa kwenye mkao huo sahihi, na usiviguse tena. Saa sita mchana, ukiona unalazimika kujiinua ili uone kioo vizuri, kioo hakijasogea. Wewe ndiye umeporomoka kitini. Ni wakati wa kusimama.

Kava za shanga zinapitisha hewa na zinasaidia jasho, lakini hazipunguzi mtetemo hata kidogo. Kava za plastiki ziepuke.

Hatua ya 6: Joto, hewa, kelele na mwanga

Kwenye gari hizi injini iko chini ya viti. Tandika chini ya kapeti mkeka wa kuzuia joto wenye karatasi ya fedha upande wa injini. Ziba matundu ya zamani ya nyaya kwenye sakafu na ubadilishe raba ya mkono wa gia, maana tundu lile dogo linaingiza joto, kelele na moshi kwa pamoja. Raba za milango zipimwe kwa karatasi: funga mlango ukiwa umeibana, ikivutika bila kukaza, raba haizibi.

Moshi ni suala la uhai. Hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Dereva na utingo wakiumwa kichwa kwa pamoja, na maumivu yakaisha wakishuka, shuku ekzosi. Tafuta masizi meusi kwenye maungio ya bomba na gasketi zake. Kwa sababu hiyohiyo, usilale kabini ukiwa umefunga vioo na injini inaunguruma, na usithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani kwa baridi ya Mafinga au Makambako. Blanketi zito na soksi vinatosha. Mkaa ndani ya kabini unaua watu wakiwa usingizini.

Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, usikiache kwenye kuzungusha hewa ya ndani safari nzima. Watu wawili ndani ya kabini ndogo wanaijaza hewa nzito inayoleta usingizi. Fungua ya nje kila baada ya muda. Kisichopoza mara nyingi kina kondensa (redieta ya kiyoyozi) iliyozibwa na vumbi na wadudu, na inasafishwa kwa maji ya shinikizo dogo ili mapezi yasilale.

Kioo cha mbele kisafishwe na upande wa ndani pia, kila siku. Utando wa mafuta na vumbi hauonekani mchana, usiku unageuza taa za mwenzako kuwa ukungu, na macho yanayokodoa ndiyo ya kwanza kuchoka.

Kupanga mzigo

Kizito kikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Mzigo mzito ukining'inia nyuma ya ekseli unainua mbele, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga, kwa hiyo dereva anasahihisha usukani kila sekunde bila kujijua. Mzigo mrefu unaoyumba ni hivyohivyo. Funga kwa mikanda mpaka usicheze, simama baada ya kilomita 20 hadi 30 za kwanza ukaze tena, kwani mzigo hujishindilia.

Ratiba ya Dar hadi Mbeya

Mwendo wa mwisho wa gari la zaidi ya tani 3.5 ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Ukijumlisha vijiji, matuta, mizani kama za Vigwaza, Mikumi na Wenda, pamoja na mlima, wastani halisi wa Canter yenye mzigo ni kama kilomita 50 kwa saa. Kilomita 830 ni zaidi ya saa 16 za usukani. Dereva mmoja hawezi kuzimaliza kwa siku moja akiwa salama, na mwenye gari anayepanga hivyo anapanga ajali. Ulaya inaruhusu saa 9 kwa siku kwa kawaida, na dakika 45 za mapumziko kila baada ya saa 4 na nusu. Kwa barabara zetu tunashauri kusimama dakika 15 kila baada ya saa 2, na saa 9 iwe mwisho.

Siku ya kwanza, baada ya kulala saa 7, ondoka Dar saa 11 alfajiri. Morogoro upo kabla ya saa 4 asubuhi. Kunywa chai, nyoosha mgongo, pima joto la matairi kwa kiganja. Vuka hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa pale. Saa nane mchana upo maeneo ya Ruaha Mbuyuni, na saa hiyo mwili wa binadamu unashuka wenyewe hata kama hukula. Lala dakika 20 kivulini, ndipo uipande Kitonga akili ikiwa timamu. Maliza Ilula, kilomita kama 45 kabla ya Iringa, ule ugali wako wa jioni na ulale. Siku ya pili, kilomita kama 375 zilizobaki zinakufikisha Mbeya bila kugusa usiku.

Usingizi ukija njiani

Saa mbaya kuliko zote ni kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ongeza hapo muda uliokaa macho: mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 anafanya makosa kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa 11 alfajiri anafika hapo saa 4 usiku.

Dalili ziko wazi: kupiga miayo mfululizo, kukosa kumbukumbu ya kilomita tano zilizopita, tairi kugusa ukingo wa lami, kichwa kudondoka. Hiyo ya mwisho tayari ni usingizi. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kusinzia sekunde 4 ni karibu mita 90 bila dereva.

Kufungua dirisha, kuongeza muziki au kunawa uso kunakupa dakika chache tu za kutafuta pa kusimama, na zitumie kwa kazi hiyo. Mirungi, mbali na kupigwa marufuku Tanzania, inaficha usingizi bila kuulipa, kisha unaporomoka ghafla. Dawa za mafua zenye klorofenirameni, kama Piriton, zinalaza, ukizimeza, usiendeshe. Anayekoroma sana na kuamka amechoka kila siku amwone daktari, maana huenda hewa inakatika akiwa usingizini.

Kinachofanya kazi ni hiki. Toka barabarani kabisa, kituo cha mafuta au stendi ya malori yenye taa. Zima injini, funga breki ya mkono, weka vigingi, acha vioo wazi kidogo. Kunywa vikombe viwili vya kahawa mara moja, weka kengele ya simu dakika 20, lala. Kahawa inachukua kama nusu saa kuingia kwenye damu, kwa hiyo unaamka ikianza kufanya kazi. Usiinywe baada ya saa 10 jioni kama unategemea kulala usiku, kwa kuwa nusu yake bado imo mwilini saa tano baadaye. Ukiamka usiwashe gari papo hapo, kwani robo saa ya kwanza kichwa bado kina ukungu. Shuka, kunywa maji, zunguka gari lote ukigusa matairi, mikanda ya mzigo na yuboliti, ndipo urudi kwenye kiti, ukae kwenye mkao wako sahihi na kuondoka.